Goma: Ekrani ikikataa kuamka, usikimbilie kukata umeme

Mwanafunzi ameacha TFC yake wazi kwenye ordinateri ya sekretaria moja ya Birere, ameenda kutafuta franga za kuchapishia. Anaporudi, ekrani iko nyeusi. Mwenye sekretaria anasukuma mausi, anapigapiga klavye, bure. Anagandamiza kitufe cha kuzima mpaka mashini inanyamaza. Kurasa zenye hazikuwa zimehifadhiwa zinaenda hapo hapo.

Mara nyingi mashini haikuwa imekufa, na ekrani pia ilikuwa nzima.

Ndani ya ordinateri kuna piloti, ni kusema programu inayosemesha kadi ya picha. Muda ukipita bila mtu kugusa kitu, piloti inakata alama zinazopita kwenye kabo, na ekrani inalala. Utaratibu huo uliwekwa mwaka 1993 na VESA, shirika la watengenezaji wa ekrani na kadi za picha. Kulaza ni rahisi. Kuamsha ndiko kugumu. Piloti inapaswa kutambua tena ni ekrani gani iko mbele yake, kisha kurudisha picha ya ukubwa wenye ekrani hiyo inaweza. Hatua moja ikikosa, ni giza. Mashini yote ikiwa imelala, kazi inaongezeka, kwa sababu kadi yenyewe inapaswa kuandaliwa upya. Piloti ya zamani, ama kiunganishi cha bei ndogo kati ya VGA na HDMI, vinatosha kuharibu mambo.

Kwa hiyo, mbele ya kukata umeme, gandamiza kitufe cha herufi kubwa kwenye klavye. Taa yake ikiwaka na kuzimika, mashini iko hai. Kwenye Windows 10 ao 11, gandamiza pamoja Windows, Ctrl, Shift na B: piloti ya picha inaanzishwa upya, na kazi iliyo wazi haipotei. Kwenye Linux, jaribu Ctrl, Alt na F3. Ikishindikana, na kama mashini haiombi neno la siri, Ctrl na S inaweza kuhifadhi TFC hata gizani, mradi faili ilikuwa na jina tayari. Taa isipojibu kabisa, hapo hakuna njia ingine ila kuzima.

Fundi naye asianze kwa kuuza ekrani mpya. Abadilishe kabo kwanza, na aulize kama tatizo lilianza kisha piloti kubadilishwa. Windows inaruhusu kurudisha ile ya mbele. Kwenye Linux, amri ya journalctl -b -1 mara nyingi inaonyesha maneno ya mwisho ya mashini mbele ya kuzimwa.

Wakati fundi anatafuta, mwenye sekretaria anaweza kuzuia mashini isilale. Na kwa sababu umeme wa kulipia mbele unaisha haraka, azime ekrani kwa kitufe chake mwenyewe.