Hamu ya Kuhamia Porini

Ndugu askari, hamu hii yajulikana sana katika makambi yetu. Jioni pale Naguru, ngurumo za magari zinapopanda kutoka Nakawa, na nyumba zimesongamana hata jirani akikohoa wewe waamka, si ajabu kumsikia mtu akiapa kwamba siku moja ataiacha Kampala, akaishi porini na blanketi moja na sufuria moja. Si hamu ya kuchekwa. Aliyesimama barabarani kutwa nzima kati ya watu hutamani mahali pasipo watu. (Nawatoa wale waliokuwa msituni tangu Februari 1981 hadi Januari 1986, wao blanketi moja wanaijua.)

Lakini mahali hapo pasipo watu ni wapi?

Litazame bonde la Kidepo, huko Karamoja, mpakani na Sudan Kusini. Lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962, na eneo lake ni kilomita za mraba 1,442. Machoni pa mgeni ni nyika tupu ya simba na nyati. Kumbe jina lenyewe latokana na neno la wenyeji lenye maana ya kuokota, kwa kuwa watu walikwenda huko kuokota matunda ya mivumo ili watengeneze pombe. Nyika ile ilikuwa ghala ya watu! Waik, waliozoea kuwinda bondeni, walikatazwa, wakabaki milimani upande wa Morungole.

Huko ndiko alikokwenda Colin Turnbull, Mwingereza, mtaalamu wa mila za watu. Hapo awali alikuwa amekaa na Wambuti katika msitu wa Ituri, Kongo, na kitabu chake cha mwaka 1961 kiliusifu msitu ule na nyimbo zake kama makao ya furaha. Katikati ya miaka ya 1960 akapanda kwa Waik, akakuta njaa. Kitabu cha mwaka 1972 kikawaeleza kuwa watu waliopoteza upendo hata kwa watoto wao, naye akaishauri serikali iwatawanye mbali mbali. Mwaka 1985 Bernd Heine, Mjerumani, bingwa wa lugha yao, aliandika kumpinga, akaonyesha kwamba Waik walikuwa wakulima zaidi kuliko wawindaji, na kwamba mengi yaliyosemwa juu yao hayakuwa sawa.

Kwa maoni yangu, Turnbull alipanda mlima akitafuta Ituri ya pili. Alipoikosa, lawama wakabebeshwa wenye njaa.

Waik wangali Morungole. Askari wa Naguru atakayeomba uhamisho wa Karamoja kwa ajili ya kimya, kimya atakipata tele. Ila mto Kidepo, sehemu kubwa ya mwaka, ni mchanga mtupu, na wakati wa kiangazi wanyama hukimbilia bonde la Narus. Neno lake la kwanza huko litakuwa kuuliza maji yako wapi, na wa kumwonyesha ni mwenyeji.