Tabora: Mahali pa Kutua Mzigo

Mpenzi msomaji, sikukuu iliyopita ulikuwa wapi? Si ajabu jibu lako likawa kama lile ambalo ningelitoa mimi kwa miaka mingi: jikoni. Baba anapumzika, watoto wanacheza, wageni wanakuja kusalimia, na mama anahesabu sahani. Siku ya kazi inapofika, wote wanarudi kazini wakiwa na nguvu mpya isipokuwa yeye.

Mwaka 2023 Saba Saba iliangukia siku ya Ijumaa. Tulikuwa na siku tatu mfululizo, nami nikamwomba baba watoto tutoke kidogo na familia. Akaniuliza pesa itatoka wapi. Nikamjibu vibaya. Nilisema maneno ambayo mke hapaswi kumwambia mumewe mbele ya watoto, naye akanyamaza. Ukimya wake ulidumu karibu majuma mawili. Chakula anakula, salamu anaitikia, lakini mazungumzo hakuna. Kisha jioni moja akaniambia kwa ufupi, "Haya, jiandaeni. Tutakwenda Tabora."

Sikufurahi sana. Nilikuwa na mawazo ya ufukwe wa bahari kama ninavyouona kwenye kalenda. Lakini sisi tunakaa Shinyanga, na nauli ya familia ya watu watano hadi pwani si mchezo. Tabora ni karibu kilometa 200 tu kupitia Nzega. Tulipanda basi asubuhi, kila mtu akitazama dirisha lake.

Mji wa kupumzikia tangu zamani

Wengi wetu tunaijua Tabora kwa treni tu: mahali pa kubadilisha behewa na kununua asali dirishani. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Lakini kabla ya reli palikuwa na njia ya miguu. Ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora hii, kisha ikashuka hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Jumla ni kama kilometa 1,200. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya mapendekezo yake kwa UNESCO, ili siku moja iwe urithi wa dunia.

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga, kila mmoja mzigo wa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Walipofika Unyanyembe waliitua. Wengine walilipwa na kurudi makwao kulima, wengine walipumzika majuma kadhaa kabla ya kuajiriwa upya. Kwa hiyo kazi ya mji huu, toka mwanzo wake, ilikuwa kuwapokea watu waliochoka.

Jambo ambalo shuleni sikulisikia ni kwamba wanawake walikuwamo katika misafara hiyo. Wake wengi wa wapagazi walifuatana na waume zao, wakiwa na vyungu, chakula na watoto wachanga mgongoni. Msafara ulipofika kambini, mwanamume alitua mzigo wake akaketi. Mwanamke alitua wake akaanza kutafuta kuni na maji. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu. Kumbe sikukuu zangu zilikuwa na historia ndefu hivyo!

Pia njia hii ilikuwa njia ya machozi. Waliopita hapa si wapagazi wa ujira peke yao. Walipita pia watu waliofungwa minyororo, wakiwamo akina mama walionyang'anywa watoto wao, wakipelekwa pwani na Zanzibar kuuzwa. Biashara ya kuwasafirisha watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Juni 1873, lakini utumwa wenyewe haukwisha siku hiyo. Waelezeni watoto wenu jambo hili bila kuwaficha. Mtoto wetu wa kwanza, mwenye miaka kumi na mmoja, aliuliza, "Mama, na watoto nao walitembea?" Nikamjibu kwamba walitembea.

Kwihara, na habari za Halima

Jumamosi asubuhi tulikwenda Kwihara, kilometa chache nje ya mji. Hapo lipo tembe, nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa la bapa, ambamo Daktari David Livingstone na mwandishi Henry Stanley walikaa mwaka 1872, baada ya kukutana Ujiji mwaka uliotangulia. Stanley aliondoka mwezi Machi kuelekea pwani. Livingstone akabaki kungoja watu na vifaa hadi Agosti, zaidi ya miezi mitano. Tembe hilo limekarabatiwa, na sasa ni makumbusho. Ndani kuna ubaridi mzuri hata jua likiwa kali, na nje kuna uwanja wa kuwatosha watoto kukimbia.

Kabla ya safari nilikuwa nimesoma habari za mwanamke mmoja aliyeishi hapo. Zimo katika shajara za Livingstone zilizochapishwa mwaka 1874. Jina lake Halima. Alikuwa mpishi wa Livingstone, mke wa mtumishi aitwaye Amoda. Wakiwa hapo Kwihara aligombana na mwanamke mwenzake, Ntaoeka, akaondoka kwa hasira. Livingstone akatuma barua kumfuatilia. Lakini Halima alirudi mwenyewe. Alipofika hakuingia. Alisimama nje, akitaka jambo moja tu: mzee atoke nje amwambie aingie.

Livingstone akatoka, akamwambia. Halafu akampa nguo nzito ya kujikinga na baridi, ajue kwamba hana kinyongo naye. Katika shajara yake aliandika kwamba mama huyu hakuwahi kuiba, wala hakumruhusu mumewe kuiba, na kwamba hakuwahi kupata sababu ya kumkemea. Akaazimia kumpa uhuru wake na kumnunulia nyumba na shamba huko Zanzibar. Ahadi hiyo hakuwahi kuitimiza mwenyewe, kwa maana alifariki mwezi Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Majina hayo mawili yanajulikana na wengi. Halima alikuwamo katika msafara ule.

Nilimsimulia baba watoto habari hiyo tukiwa tumeketi kivulini nje ya tembe. Kitinda mimba alikuwa amelala mgongoni mwangu. Nilipomaliza, mume wangu alikaa kimya kwa muda, akichora chini kwa kijiti. Kisha akasema, "Kumbe alitaka kuitwa tu."

Nikamwambia, "Ndiyo. Lakini na yeye alirudi."

Nikaomba msamaha kwa yale niliyoyasema nyumbani. Hakujibu kwa maneno mengi. Alinyosha mikono akasema, "Nipe huyo mtoto, mama watoto. Umembeba tangu asubuhi." Nikamfungua mtoto, nikanyosha mgongo. Mpenzi msomaji, siwezi kukueleza wepesi nilioupata.

Mengine ya kuona

Mchana tulitembea mjini chini ya miembe mikubwa. Lipo boma la Wajerumani. Hapo tuliwasimulia watoto habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani, na mwezi Januari 1893, ngome yake ilipokaribia kutekwa, akalipua baruti akiwa ndani badala ya kukamatwa. Ipo pia Shule ya Wavulana ya Tabora, ambako Mwalimu Nyerere aliingia mwaka 1937. Baada ya Makerere alirudi mji huu huu kufundisha katika shule ya St. Mary's.

Sokoni msikose asali ya miombo, pamoja na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Wenyeji husema jina la Tabora lilitokana na chakula hicho. Ni kigumu kidogo mwanzoni, ila kikishalainika mdomoni ni kitamu, na hakiharibiki safarini.

Jumapili tulisali, tukala chakula cha mchana, tukarudi. Mji una makanisa ya Katoliki, Moravian, Anglikana, Lutheri na mengine, nanyi hamtakosa ibada. Kama mna siku nne au tano, mnaweza kuendelea kwa treni hadi Kigoma, na kutoka hapo kwenda Ujiji kuona mahali Livingstone na Stanley walipokutana.

Mama, ukitaka kupumzika kweli

Yapo mambo machache tuliyojifunza.

Zungumzeni juu ya pesa mapema, mkiwa mmetulia. Mtoto wa shule huweza kuweka shilingi zake kwenye kopo, na kopo likijaa safari huwa ya wote. Sisi tulianza na ugomvi, na tungeweza kuuepuka.

Kubalianeni kwamba mama hapiki. Kula kwa mama lishe au katika nyumba ya wageni kwa siku mbili si anasa. Ukibeba sufuria, umebeba na jikoni.

Ulizeni nafasi za kulala kabla ya kuondoka, na muangalie kama kuna vyandarua. Nyumba za wageni zipo nyingi, za bei mbalimbali.

Wanaotoka mbali waulize stesheni siku za treni, maana haipiti kila saa. Julai usiku ni baridi, chukueni masweta. Anayependa maembe asubiri sikukuu ya Uhuru, Desemba 9, msimu wake unapofika. Ila mvua nazo huwa zimeanza.

Kila mmoja abebe mzigo wake, hata mtoto wa miaka mitano na kifurushi chake kidogo.

Tulifika nyumbani Jumapili usiku. Umeme ulikuwa umekatika na watoto walikuwa wamechoka. Kwa mazoea nilielekea jikoni, nikakuta baba watoto ametangulia na tochi. Alikuwa anatafuta kiberiti. Hakujua kinakaa wapi, nikamwonyesha. Chai aliyoipika ilizidi majani na sukari ilikuwa haba, tukainywa yote.

Dada yangu, huenda nawe una maneno yaliyobaki kati yako na mwenzako, na kila mmoja anangoja. Ikiwa uliondoka kwa hasira, rudi hadi mlangoni. Na ikiwa wewe ndiye uliye ndani, toka nje umwambie aingie. Halafu sikukuu ijayo, tafuteni mahali mkatue mzigo pamoja.