Shokapu za Nyuma za Pikipiki ya Magurudumu Matatu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye fremu. Leo tuje kwenye shokapu za nyuma, maana wenye pikipiki za safari za magurudumu matatu huko Marekani hawaishi kuzilalamikia. Nazungumzia mashine kama Tri Glide ya Harley-Davidson, iliyoingia sokoni kama modeli ya 2009, na Honda Gold Wing ambazo karakana huziongezea gurudumu la pili nyuma. Tri Glide inapita kilo 500 kabla hujapanda. Mtu huinunua akitarajia starehe, kisha akashangaa kiuno kinamuuma kuliko zamani.

Sehemu ya lawama si ya shokapu hata kidogo. Pikipiki ya kawaida hupita njia moja, shimo unalikwepa. Hii ina njia tatu: ukiliepusha gurudumu la mbele, moja la nyuma huenda likatumbukia. Tena Tri Glide ina ekseli nzima, kwa hiyo gurudumu la kushoto likipanda tuta, la kulia nalo linainamishwa, na aliyeketi juu anatupwa ubavuni. Ekseli, difu, breki na magurudumu yote yako chini ya springi, na uzito huo ukisharushwa juu, kuutuliza ni kazi. Bajaji ya abiria, pamoja na udogo wake, kila gurudumu lake la nyuma lina mkono wake! Shokapu mpya haitaigeuza ekseli nzima kuwa hivyo. Itapunguza tu adha.

Sasa uchaguzi wenyewe. Springi ndiyo inayobeba uzito. Mafuta ndani ya shokapu yanazuia springi isiendelee kudunda. Wengi wakitaka ulaini hukimbilia springi laini, na hapo ndipo wanapopotea. Springi laini mno hubonyea mpaka mwisho, na pigo lote linapokelewa na kipande cha mpira, kisha uti wa mgongo. Isitoshe, mashine hii hailali kwenye kona. Mwili wake husukumwa nje, springi ya upande huo inazama, na dereva anahisi kama anamwagwa.

Kwa hiyo pima kwanza. Inua nyuma hadi magurudumu yaning'inie, pima kutoka ekseli hadi alama moja kwenye madigadi. Ishushe, panda na abiria wako na mizigo, mtu mwingine apime tena. Tofauti iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa gurudumu: kama mwendo ni milimita 75, basi 19 hadi 25. Ikizidi hapo hata baada ya kukaza springi, unahitaji springi ngumu zaidi, japo muuzaji atakusifia ile laini.

Kuhusu mafuta, usikilize mwili wako. Ukivuka tuta na kiti kikakupiga teke baadaye, shokapu inarudi haraka mno. Ukipita kwenye makorongo madogo yanayofuatana, na kila moja likawa gumu kuliko lililotangulia, inarudi polepole mno: springi haijanyooka, pigo jingine limeshafika. Ndiyo maana shokapu yenye kirekebishi cha kasi ya kurudi ina thamani kuliko ile yenye kromu nyingi.

Shokapu za upepo ni rahisi kurekebisha abiria anapopanda, lakini mbili zikilishwa na mpira mmoja, kwenye kona upepo hukimbia kutoka iliyobonyea kwenda kwa mwenzake, na mashine inazidi kuinama. Na uzijaze kwa pampu ya mkono. Chumba cha kila moja ni kidogo, kompresa ya gereji itapasua sili kabla hujatoa kidole.

Kabla ya kutoa hata senti, tazama tairi. Mashine nyingi zilizobadilishwa huvaa tairi za gari nyuma, na mtu huzijaza kama za gari wakati kila moja inabeba uzito mdogo zaidi. Zipime asubuhi zikiwa baridi, ufuate kipimo cha aliyeibadilisha mashine.

Shokapu ndefu kuliko za awali huinua nyuma na kubadili pembe ya usukani. Hayo, pamoja na uma wa mbele, ni ya wiki ijayo.