Unasaka mawimbi? Fuata mto wa Mukuru kwa Reuben hadi Malindi

MTO Ngong unapopita nyuma ya nyumba za mabati za Mukuru kwa Reuben, hakuna anayewaza bahari. Maji ni meusi, yamebeba chupa, karatasi za plastiki na uchafu wa viwanda na vyoo. Watu huvuka haraka na kwenda zao kazini Industrial Area.

Lakini maji hayo hayaishii Dandora. Yanasafiri hadi Bahari ya Hindi, na karibu na pale yanapomwagika ndipo penye baadhi ya mawimbi bora ya kupanda kwa ubao nchini Kenya.

Hii si stori ya jaba. Toa simu, fungua ramani, tufuate mto pamoja.

Kutoka Reuben, Mto Ngong unaelekea mashariki na kuungana na Mto Nairobi. Mto Nairobi unaingia Athi. Athi unapita maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, unateremka Ukambani kando ya uwanda wa Yatta, kisha unaingia Tsavo Mashariki. Huko unakutana na Mto Tsavo na kubadilisha jina kuwa Galana. Ukikaribia pwani unaitwa Sabaki, na unamwagika baharini kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi.

Ni mto mmoja wenye majina mengi, wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana.

Wimbi lililopatikana kwa kompyuta

Kwa nini tuanze na ramani badala ya ubao? Kwa sababu sehemu kubwa ya mchezo huu ni kujua wimbi liko wapi. Wimbi zuri haliwekewi kibao.

Mfano unaojulikana sana uko hapa hapa Afrika. Pwani ya Namibia ni baridi na kame, ukungu mwingi, na ina sehemu ndefu zisizo na mtu. Mkondo wa Benguela huleta maji baridi kutoka kusini, kiasi kwamba bila nguo nzito ya mpira huwezi kukaa majini muda mrefu. Meli nyingi zilikwama huko hadi sehemu ya pwani hiyo ikaitwa Pwani ya Mifupa, Skeleton Coast.

Mmarekani Brian Gable hakwenda kuitembea pwani hiyo kwa miguu. Jarida la Surfing lilikuwa limetoa shindano la kusaka mawimbi mapya kwa Google Earth, naye akaketi kwake California akikagua picha za setilaiti. Karibu na Walvis Bay aliona ulimi mrefu wa mchanga, na kando yake mistari myeupe ya mawimbi yakivunjika kwa mpangilio. Mwaka 2008 wapanda mawimbi walienda na kupata wimbi linalokimbia mbali sana bila kukatika. Leo wataalamu wa mchezo huo huruka kutoka mabara mengine kulifuata kila bahari inapochafuka.

Somo ni hili: Gable hakuwa na bahati tu. Alijua cha kutafuta. Alijua kwamba mchanga uliolala vizuri chini ya maji ndio unaochonga wimbi.

Ukuta wa pwani yetu

Sasa rudi kwenye pwani ya Kenya, usogeze ramani kutoka Vanga kwenda kaskazini. Utaona mstari mweupe ukifuatana na ufuo, mara nyingi kati ya nusu kilomita na kilomita mbili kutoka nchi kavu. Huo ni mwamba wa matumbawe. Umejipanga kama ukuta wa ploti, na mawimbi makubwa yanaishia hapo. Ndiyo maana ukienda Diani au Nyali unakuta maji yametulia ndani, mazuri kwa kuogelea, lakini mpanda mawimbi anabaki akitazama povu kwa mbali.

Ukuta huo una milango. Pale ghuba zinapoingia nchi kavu, kama Mtwapa na Kilifi, mwamba umekatika. Lakini pengo la maana zaidi kwetu liko Malindi. Matumbawe hayapendi maji ya mto. Yanahitaji chumvi, mwanga na maji safi, na Sabaki huleta maji baridi ya bara na matope yanayoziba mwanga. Kwa hivyo mbele ya ghuba ya Malindi ukuta haukujengeka, na bahari inaingia moja kwa moja hadi mchangani.

Mchanga huo nao umeletwa na mto. Kwa maneno mengine, mto uliuzuia ukuta na ukatandika sakafu. Hiyo ndiyo kazi ambayo mto wetu mchafu umekuwa ukiifanya tangu kabla Nairobi haijakuwa mji.

Soma upepo kabla ya kufunga safari

Ramani inakuambia wapi. Upepo unakuambia lini, na hapa wazee wa pwani wametutangulia kwa karne nyingi.

Kusi huvuma kuanzia karibu Aprili hadi Oktoba, kutoka kusini, na hukaza zaidi katikati ya mwaka. Ndio msimu wa bahari iliyochafuka, na ndio msimu wa mawimbi. Kaskazi huvuma takriban Novemba hadi Machi, na bahari hutulia zaidi.

Kuna faida nyingine ya kusi. Wakati huo maji ya kahawia ya Sabaki husukumwa kaskazini, kuelekea Mambrui. Wakati wa kaskazi hurudi kusini na kuufunika ufuo wa Malindi. Kwa hivyo Julai na Agosti unapata mawimbi na maji yenye nafuu pamoja.

Usitarajie mawimbi ya sinema, ingawa. Madagascar inatuziba dhidi ya sehemu ya mawimbi yanayotoka mbali kusini, na upepo wa kusi mchana huyavuruga yaliyofika. Amka mapema. Alfajiri, kabla upepo haujakaza, uso wa maji huwa laini zaidi. Kwa anayejifunza, wimbi dogo juu ya mchanga ni salama kuliko wimbi kubwa juu ya jiwe.

Kuna pia kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya maji yakijaa na yakipwa inaweza kukaribia mita 4. Mahali palipokuwa na wimbi saa mbili asubuhi panaweza kuwa mchanga mtupu kufikia adhuhuri. Jedwali la maji hupatikana bure mtandaoni, lakini muulize mvuvi kwanza. Yeye anaijua mikondo ya ufuo wake, hasa ule unaovuta mtu kumpeleka ndani. Ukishikwa na mkondo wa aina hiyo, usipigane nao. Ogelea sambamba na ufuo hadi ukuachilie.

Na usiogelee kwenye mdomo wenyewe wa Sabaki. Kuna viboko na mamba huko. Hawajali umetoka mtaa gani.

Nani aliyesema bahari ni ya watalii?

Wengi mtaani watasema mchezo huu ni wa mabeste wa Karen na wazungu wa Diani. Kweli, ubao ni ghali na nauli si mchezo. Treni ya Madaraka Express inaanzia Syokimau, si mbali na Mukuru, ikikufikisha Miritini, Mombasa. Kutoka Mombasa mjini ni kama kilomita 120 za matatu hadi Malindi. Mtu anayelipwa kwa siku hawezi kuamka tu na kwenda.

Lakini kizuizi kikubwa hata kuliko pesa ni kuogelea. Kijana aliyekulia Reuben, ambako maji ya kunywa yenyewe hununuliwa kwa mtungi, alijifunzia wapi kuogelea? Mto ulio karibu naye haukanyagiki. Ndiyo maana hatua ya kwanza si ubao. Changa na marafiki, tafuteni bwawa la kulipia lenye mwalimu, mwende mara moja kwa wiki. Ukiweza kuelea dakika kumi bila wasiwasi, umeanza.

Kilicho bure ni maarifa. Kusoma ramani, upepo na mwezi kunahitaji bando dogo na subira. Gable alikuwa mbali na Namibia kuliko wewe ulivyo mbali na Malindi.

Kile tunachotupa kinafika

Kuna upande mwingine wa stori hii usiopendeza. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia nyumba za Mukuru, kisha serikali ikaamuru watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na matingatinga yakafuata. Familia zilibaki bila kitu. Magodoro, viatu na plastiki vilivyosombwa havikuyeyuka. Mto ulivichukua kuelekea kule kule.

Matope nayo yameongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulichunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300, ambalo hujiandika kila mwaka kama shina la mti. Lilionyesha kwamba udongo unaoletwa na Sabaki ulipanda sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba yalipopanuliwa na ardhi kuachwa wazi. Udongo huo unaenda kutua juu ya matumbawe ya hifadhi ya baharini ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Mto uliotupa pengo lenye mawimbi unaweza pia kuua kilichobaki kando yake.

Tumezoea kuambiwa tusafishe Mto Ngong kwa ajili ya harufu na kipindupindu, na sababu hizo zinatosha. Ongeza hii: kuna mtoto wa Malindi anayejifunza kusimama juu ya ubao katika maji yaliyopita mlangoni mwetu. Akimeza funda moja, amekunywa kitu cha Reuben.

Kwa hivyo vikundi vya vijana vinavyozoa taka kandokando ya mto kila Jumamosi vinafanya kazi inayofika mbali kuliko Enterprise Road. Jiunge na kimoja. Halafu weka akiba ya nauli, ukalenge Julai, maji yakijaa asubuhi na kusi bado haijaamka vizuri.