Komredi, Mungu Hapewi Time Iliyobaki

Komredi, semista ikishika kasi unajua vile hukuwa. Daro ya mangware, CAT tatu wiki moja, asaimenti ya grupu na nusu ya mbogi haishiki simu, wera ya jioni ndio keja ilipwe, halafu Thika Road imejam kuanzia Githurai. Kwa hiyo mbio yote, kitu ya kwanza kulengwa ni sala. Hakuna msee huamka akaamua kuwacha Mungu. Husema tu, "Wacha nimalize hii kwanza." Na hii haiishangi.

Mimi nashikilia kitu moja: maisha ya roho haiwezi kuishi kwa time imebaki, juu time haibakingi. Sala inafaa kupewa saa yake kwa ratiba kabla semista ianze, vile tu daro hupewa.

Cheki makomredi Waislamu. Swala tano ziko na saa zake, na juu Nairobi iko karibu na ikweta, Magharibi haihamihami sana: mwaka mzima jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu. Ukichukua daro ya jioni, unajua mapema zitagongana. So unabonga na lec wiki ya kwanza, unakaa karibu na mlango, unatoka pole pole, unaswali, unarudi. Ukiwa tao Ijumaa, msikiti wa Jamia uko hapo. Wakatoliki nao wako na misa ya lunch pale Holy Family Basilica, na ikiisha, siku inaendelea.

Kwa Wasabato ndio kunoma zaidi, juu Sabato inaanza Ijumaa jua ikizama, na mtihani ikiwekwa Jumamosi huwezi toka dakika kumi urudi. Hapo usinyamaze. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inalinda uhuru wa kuabudu, na inasema hakuna mtu atalazimishwa kufanya kitu inapingana na imani yake. Ratiba ya mitihani ikibandikwa tu, andikia idara barua ya heshima na ubaki na kopi. Ukingoja mpaka usiku wa kuamkia pepa, hata lec mwenye roho safi atakosa njia ya kukusaidia.

Halafu kuna kesha za Christian Union (CU). Kesha ni tamu: ngoma za sifa, maombi, mbogi inashikana mpaka kuche. Lakini kama CAT ni mangware hiyo, fungua notes, soma, kisha ulale. Kuna mathe ocha ameuza mbuzi ndio ukae kwa hiyo daro, na kuheshimu jasho yake pia ni ibada. Omba kifupi, lakini omba. Dakika kumi kila siku kabla ushike simu zitakujenga kuliko kesha moja kwa semista na kimya mpaka ingine.

Na usijibebe solo. Tafuta wasee wawili watatu wa imani yako, wale watakuuliza "Uko aje na Mungu?" wakimaanisha. Ukikosa siku moja, rudi kesho. Usihepe mwezi mzima juu ya aibu.

Nasisitiza hii juu chuo iko na siku ngumu. Loan bado haijaingia, marks hazionekani kwa sistimu, mtu wako amekuacha, na nyumbani kuna mgonjwa. Siku kama hiyo haipigi hodi. Afadhali ikupate kama tayari umezoea njia ya kuenda kwa Mungu, na kuna wasee wa imani yako wanajua jina yako.

So Jumapili hii jioni, toa ratiba yako. Andika saa ya Mungu kwanza, halafu daro, halafu wera. Tumia msee mmoja unayemwamini picha ya hiyo ratiba, umwambie akuulize Ijumaa.