Unda Meli ya Vita Ukiwa Todonyang, Bila Doo Mob

Wasee wa Todonyang, Lodwar na Kakuma, hii game ya meza haitaki stima wala bando. Meli unajiundia.

Anza na frigeti ya Wareno, Santo António de Tanná. Ilizama Mombasa 1697, hapo tu mbele ya Fort Jesus, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Kwa kipimo cha 1:1200, mita 12 za ukweli ni sentimita 1 mezani. Chonga bodi kwa mti laini, milingoti ni vijiti vya meno, matanga ni karatasi iliyopindwa kidogo ivimbe.

Sasa kitako. Wengi huharakisha hapa, na ndio hapa meli hufia. Kata kadibodi ngumu izidi meli pande zote, ndio vidole vishike kitako, si mlingoti. Paka gundi nzito, ivute na brashi iwe mawimbi. Ikikauka, piga bluu (si kijani ya ziwa lenu, hii ni Mombasa), povu nyeupe nyuma.

Pembeni chora mistari ya pembe za upepo. Bila hiyo mtabishana hadi che, juu meli ya matanga haiwezi kwenda upepo ukiwa usoni. Nyinyi mnaijua hiyo: ule upepo wa kusini-mashariki ukiwaka, kushuka Kalokol na tanga ni zigizaga. Mreno akianza upande mbaya wa upepo, ako na shughuli.