Sura ya 6: Kitufe cha Kuwashia na Mwangaza wa Skrini

Katika duka la steshenari la senta kama Igowole, wilayani Mufindi, kompyuta mpakato haipumziki: barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, fomu za vikundi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, inabaki betri. Hapo mwangaza mkali wa skrini huila haraka, na mkono ukigusa kitufe cha kuwashia kwa bahati mbaya, kazi ambayo haijahifadhiwa inaweza kupotea. Kwenye Linux yote mawili yanarekebishika bila gharama, mradi ujue ni programu ipi yenye amri.

Kitufe

Kitufe kikibonyezwa, kerneli (kiini cha Linux) hutoa taarifa tu. Anayeamua la kufanya ni logind, sehemu ya systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo), na asipoelekezwa vingine huzima mashine. Kumwelekeza, fungua faili la `/etc/systemd/logind.conf` kwa sudo, na chini ya `[Login]` andika:

`HandlePowerKey=ignore`

Sasa kitufe kitapuuzwa. Ukiweka `suspend` badala ya `ignore`, mashine italala. Kwa kifuniko, tumia `HandleLidSwitch`. Hifadhi, kisha washa kompyuta upya.

Wengi hufanya haya yote na kitufe kikaendelea na tabia yake ya zamani. Sababu ni kwamba GNOME, mazingira ya eneokazi yanayokuja na Ubuntu, humnyang'anya logind kazi hiyo. Andika `systemd-inhibit --list`. Ukiona `handle-power-key` kwenye orodha, jina lililo kwenye mstari huo ndilo lenye amri. Kwa GNOME, amri ni hii:

`gsettings set org.gnome.settings-daemon.plugins.power power-button-action 'nothing'`

Lakini kukishikilia kitufe kwa sekunde kadhaa kutazima mashine tu. Hilo hufanywa na mashine yenyewe, wala Linux haiulizwi.

Mwangaza

Vitufe vya mwangaza vikigoma, nenda `/sys/class/backlight`. Ndani yake kuna folda yenye jina la kiendeshi, mathalani `intel_backlight`. Soma `max_brightness`: tuseme ni 1500. Asilimia 40 yake ni 600, hivyo:

`echo 600 | sudo tee /sys/class/backlight/intel_backlight/brightness`

Usiandike 0, kwa kuwa baadhi ya skrini huzimika kabisa. Asiyependa hesabu asakinishe brightnessctl, kisha aandike `brightnessctl set 40%`. Kiwango hicho huhifadhiwa na systemd mashine inapozimwa na kurudishwa inapowashwa.

Ukikuta folda ya backlight ni tupu, au namba inabadilika na skrini haibadiliki, huenda tatizo liko kwenye kiendeshi. Jaribu kuongeza `acpi_backlight=native` au `acpi_backlight=vendor` kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`, kisha endesha `sudo update-grub` na uwashe upya.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kabla ya kugusa faili lolote la mfumo, weka nakala yake pembeni.